Frosted Flakes: uzoefu wangu na boksi la chui milia

Tunaishi Marekani, na Frosted Flakes za Kellogg's, chakula cha asubuhi cha vipande vyembamba vya mahindi, ziliingia nyumbani kwetu kupitia kwa mwanangu, ambaye hata kusoma bado. Alichokiona dukani ni chui milia aliyefunga skafu nyekundu shingoni. Anaitwa Tony, na kazi ya kuita watoto ameianza tangu 1952.

Ladha kwanza. Ni kornfleksi zilizopakwa sukari, kavu, zinazolia mdomoni. Ukishamimina maziwa baridi, kula upesi, maana zinalainika. Utamu unashukia kwenye maziwa, na hayo ya mwisho bakulini ndiyo watoto wanayagombania.

Kampuni ilianzishwa na Will Kellogg mwaka 1906, Battle Creek, Michigan. Kaka yake, Dkt. John Harvey, aliyekuwa akiongoza sanatoriamu (kituo cha matibabu na mapumziko) mjini humo, hakutaka sukari iguse kornfleksi, na ndugu hao waligombana. Zilipotoka hizi za 1952 ziliitwa Sugar Frosted Flakes. Sukari ilitajwa mbele kabisa, ikiwa ndiyo sifa. Kampuni ya matangazo ya Leo Burnett, Chicago, ikatunga wanyama wa kugombea boksi: Tony, kangaruu Katy, tembo Elmo na nyumbu Newt. Tony akashinda. Thurl Ravenscroft akampa ile sauti nzito ya kunguruma kwa miaka zaidi ya 50, hadi alipofariki 2005.

Neno Sugar liliondolewa miaka ya 1980. Sukari yenyewe ikabaki: ubavuni mwa boksi langu ni gramu 12 katika kipimo cha gramu 37, karibu theluthi, yaani vijiko vitatu vya chai. Na mtoto akijimiminia mwenyewe haishii kwenye kipimo!

Hapo ndipo panaponiuma. Mbele ya boksi anasemeshwa mtoto kwa picha kubwa. Mzazi anasemeshwa ubavuni kwa herufi ndogo. Chile walilikataa hilo. Sheria yao iliyoanza kutumika 2016 inazuia vikatuni kwenye vyakula vya sukari nyingi, na Tony akatoka kwenye maboksi ya huko. Naunga mkono kabisa.

Sijaacha kununua, kwa ladha sina ugomvi nazo. Ila ni Jumamosi tu, nusu kwa nusu na kornfleksi za kawaida. Siku za shule ni uji wa ulezi au mayai.

Nyota 3 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa sukari, nyingine kwa kumtumia mnyama kumsemesha mwanangu.