DuckDNS kwa intaneti ya nyumbani huku Lubumbashi: ni bule na inafanya kazi, lakini angalia kwanza adresi yako

Bandugu, haya njo maoni yangu juu ya DuckDNS, ile huduma ya kupatia intaneti ya nyumbani jina lenye halibadilike hata adresi ya IP (namba yenye intaneti inatumia kupata nyumba yako) ikibadilika kila siku. Nyumba yangu iko hapa Lubumbashi, Katuba, na kazi niko nafanya Kolwezi kwa zamu, ni kama kilomita 300, kwa hiyo kwangu hii si mambo ya kujifurahisha na kompyuta: ni namna ya kuangalia geti usiku, na kufungua picha za batoto zenye ziko mu diski ya nyumbani bila kulipa kampuni ya ng'ambo kila mwezi. Naipenda sana hii huduma, na juu naipenda nitasema wazi pahali yenye inasaidia na pahali yenye haiwezi kukusaidia hata ufanye nini.

Adresi yenye kampuni ya intaneti inakupatia ni ya kuazima. Ruta ikizimika na kuwaka tena, mara nyingi inapewa ingine. Mu miji yenye umeme haukatike ruta inaweza kukaa miezi na adresi moja, mutu anaandika namba yake mu daftari na imeisha. Huku kwetu na delestaji (kukatwa umeme kwa zamu), umeme unaenda saa kumi na mbili jioni, unarudi saa nne usiku, unaenda tena, na kila mara ruta inaamka na sura mupya, na wewe uko mbali unagonga mulango wenye hauko tena wako. Njo maana kujifanyisha mwenyewe, yaani kifaa cha nyumbani kitangaze chenyewe adresi mupya bila mutu kugusa kitu, kwetu ni lazima kuliko kwa batu benye umeme wa kudumu. Kuweka onduleri ndogo (baterie ya akiba) kwa ruta inasaidia sana, niko nayo na nawashauri, lakini baterie nayo inaisha.

Sasa, mbele ya kufungua akaunti yoyote, fanya hii moja: ingia mu ukurasa wa ruta, angalia adresi yenye iko upande wa intaneti, kisha fungua kwa telefone yenye iko kwa wifi ya nyumba moja ya zile tovuti zenye zinakuonyesha IP yako. Zikilingana, endelea kusoma. Kama ruta inaonyesha namba yenye inaanza na 10, ao 192.168, ao yenye iko kati ya 100.64 na 100.127, basi uko nyuma ya ukuta wa kampuni, batu wengi muko munatumia adresi moja ya inje pamoja, na DuckDNS itaandika hiyo adresi ya wote na hakuna kitu kitafika kwako. Ile fungu ya 100.64 ilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyo, juu adresi za IPv4, ile aina ya zamani ya IP, zimekuwa haba dunia muzima. Modemu za 4G karibu zote ziko hivyo. Fibra na intaneti za antena inategemea kampuni na mukataba wenye ulisaini, kwa hiyo uliza wazi: «munanipatia adresi ya publiki ao hapana?» Mwenye kukujibia hajui swali, omba kuongea na teknisie. Bakikatala, usipoteze wakati na DDNS (huduma za namna ya DuckDNS), chukua Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako, yenyewe inatafuta njia ya kutoka ndani na haiombe porti yoyote (mulango wenye namba) kwa ruta. Naona batu mingi banatukana DuckDNS kumbe tatizo liko kwa laini yao, na hiyo si haki.

Na kuko jambo ingine lenye linafanana na hilo: kama kampuni ilileta boksi yake na wewe ukaongeza ruta yako nyuma, namba hazitalingana pia, lakini hapo dawa iko mu mikono yako, unaweka boksi ya kampuni kama daraja tu ao unafungua porti kwa zote mbili.

Haya, DuckDNS yenyewe. Unaingia na akaunti ya Google ao GitHub, hakuna neno la siri lao, unapata tokeni moja (maandishi ya siri yenye yanaonyesha ni wewe) na unaweza kuwa na majina 5 bule. Kazi yote ya kusasisha ni kufungua anwani moja tu:

https://www.duckdns.org/update?domains=jinalako&token=tokeniyako&ip=

Pale mwisho kwa ip= unaacha wazi, seva yao inaangalia yenyewe ombi limetoka wapi, na inakujibia OK (imepita) ao KO (imeshindwa), basi. Hiyo wepesi njo kitu chenye kilinishika. Kitu chochote chenye kinaweza kufungua ukurasa wa intaneti kinaweza kusasisha: Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), kompyuta ya zamani, ruta, hata telefone ya zamani ya Android yenye iko kwa chaji mu kona ya salon. Mimi niko na Raspberry Pi na kroni (programu yenye inarudia kazi yenyewe kwa saa yake) kila dakika 5, na juu majina yao yanakumbukwa kwa sekunde 60 tu, umeme ukirudi na intaneti ikirudi haipiti hata dakika saba jina linaelekeza pahali pa kweli. Kwa batu ba OpenWrt (programu ya bule ya kuendesha ruta) ni rahisi zaidi, unaweka pakiti ya ddns-scripts na luci-app-ddns, unachagua duckdns.org mu lisiti, unajaza jina na tokeni. Ruta za kampuni mingi ziko na ukurasa wa DDNS lakini lisiti yao ni fupi na DuckDNS mara nyingi haimo, usihangaike nayo, tumia kifaa kingine.

Hapa kuko kitu chenye ninataka musome polepole. Mufano wa skripti wenye DuckDNS inatoa kwa Linux unatumia curl (amri ya kufungua anwani) na alama ya -k, na hiyo -k maana yake ni: usikague sertifika (hati yenye inahakikisha seva ni ya kweli), kubali mutu yeyote mwenye anajiita duckdns. Inafanya kazi, ndiyo, lakini tokeni yako inapita mu ombi hilo, na mwenye kuwa na tokeni anaweza kugeuza majina yako yote 5 kuelekea kwake, juu tokeni ni moja kwa akaunti muzima. Toa ile -k. Sasa ukiitoa utakutana na jambo la huku kwetu: ruta nyingi za bei ndogo hazina baterie ya saa ndani, na Raspberry Pi za mbele ya 5 hazina saa ya kudumu pia, umeme ukirudi kifaa kinaamka kinaamini bado ni tarehe ya nyuma, pengine ya miezi mingi, na sertifika ya duckdns inaonekana kama haijaanza kazi, ombi linakataliwa. Haiko kuharibika. Saa ikishajirekebisha kwa NTP (huduma ya saa ya intaneti), ombi lenye linafuata linapita. Njo sababu napenda kroni ya kila dakika 5 kuliko skripti yenye inakimbia mara moja tu wakati kifaa kinawaka: ile ya mara moja itakimbia wakati saa iko mbaya, itashindwa, na italala mupaka umeme ukatike tena. Na jibu liandike mu faili, ukiona KO ao hakuna jibu unajua wapi kutafuta.

Nililinganisha na No-IP pia. Ni nzuri, ya zamani, na iko mu ruta mingi tayari, lakini jina la bule banakuomba ulihakikishe kila siku 30 kwa kufinya kitu mu barua pepe, na kama uko kwenye zamu bila mega (data) za kutosha na barua imepita, jina linaenda. Kwa mutu wa zamu hiyo inaua maana yote ya kujifanyisha. Bale benye umri kidogo banakumbuka DynDNS, ilikuwa bule kwa batu mingi, bakafunga ile ya bule mwaka 2014, na kampuni yenyewe Dyn ikanunuliwa na Oracle. Kwa hiyo usijenge nyumba yote juu ya jina la bule la mutu mwingine. Ukiwa na domeni yako mwenyewe (jina la intaneti lenye ulinunua) na DNS yake (daftari ya majina na adresi) iko kwa kampuni ya Cloudflare, programu ya ddclient inaweza kusasisha huko pia, na hiyo njo njia ningeshauri kwa duka ao kliniki. Kwa nyumba, DuckDNS inatosha kabisa, naipa nyota nne kwa tano. Ile moja nimeitoa juu ya mufano wa -k, na juu hakuna mutu wa kupigia simu wakati seva zao zinachelewa kujibu, na hiyo inatokea.

Naongea sasa juu ya kamera, tafadhali musiruke. Ukishapata jina, kishawishi cha kwanza ni kufungua porti ya kamera kwa ruta ili uione moja kwa moja. Usifanye. Tarehe 21 Oktoba 2016, hiyo hiyo kampuni ya Dyn ilipigwa na mashambulizi makubwa yenye yalizima Twitter na Netflix na zingine kwa batu mingi Marekani, na silaha yenyewe ilikuwa kamera na ruta za manyumbani zenye zilikuwa wazi kwa intaneti na neno la siri la kiwandani, zilikamatwa na programu ya Mirai. Kamera za watu wa kawaida kabisa, za kulinda geti kama zetu. Jina la DuckDNS ni kama kibao cha anwani kwa mutaa, kinaonyesha nyumba iko wapi, hakifungi mulango.

Kwa hiyo fungua porti moja tu, ya WireGuard (VPN, yaani njia ya siri yenye kufungwa kati ya telefone na nyumba), kawaida ni UDP 51820, na kamera, diski, vyote vipite humo ndani. Mu telefone unaweka jina lako la duckdns pahali pa adresi ya seva. Kuna tabia moja ya kujua: WireGuard inauliza jina mara moja tu wakati unaiwasha, kisha inashika ile namba, haiulize tena. Umeme ukikatika nyumbani na adresi ikibadilika wakati uko umeunganika, telefone itaendelea kuongea na adresi ya zamani na utaamini nyumba imezimika. Zima ile VPN, washa tena, imeisha. Nilimufundisha bibi yangu hiyo tu, zima-washa, na akiwa kwa mama yake Likasi anaona geti bila kunipigia.

Ukitaka kupima, usipime ukiwa kwa wifi ya nyumba yenyewe, juu ruta mingi hazijue kukurudisha ndani kupitia jina lako la inje, utaona haifunguke na utabomoa kitu chenye kilikuwa kizuri. Zima wifi, tumia mega za telefone.

Mambo mengine mawili yenye yanaongeza thamani yake: jina lolote lenye unaweka mbele ya lako, mufano picha.jinalako.duckdns.org, linaelekea pale pale bila kusajili kitu, na banakuwezesha kuweka rekodi ya TXT (maandishi ya kuhakikisha jina ni lako), kwa hiyo unaweza kupata sertifika ya bule ya Let's Encrypt bila kufungua porti 80, ile ya tovuti. Hiyo kwa huduma ya bule ni zawadi kubwa.

Kasoro ya mwisho ni kwamba jina la duckdns.org, juu batu babaya nabo banaitumia bule, limefungwa mu mitandao mingi ya makampuni. Pale nafanya kazi wifi ya ofisi haiifungue kabisa. Usibishane na batu ba IT, banalinda kazi yao. Chukua mega za telefone yako, angalia geti, funga, rudi kazini; na kama lazima utumie wifi yao kila siku, hapo njo wakati wa kununua domeni yako mwenyewe, na ddclient isasishe pahali pa ile kroni.