Rivyu: riwaya ya Calvino inayokatika kila ikifika patamu

Kitabu ni If on a winter's night a traveler cha Italo Calvino, Mwitaliano, kilitoka 1979, mi nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya William Weaver ya 1981. Sikukichagua, tulipangiwa kwenye kozi ya riwaya za usasaleo (postmodern, zile zinazochezea namna hadithi inavyosimuliwa). Naandika kwa sababu watu nikiwauliza wanagawanyika makundi mawili tu, kuna wanaosema ni bonge la kitabu na wanaosema waliishia katikati, na naona wote wako sahihi ila hawasemi kwa nini.

Kinavyokwenda ni hivi. Unafungua, kitabu kinaanza kuongea na wewe msomaji, kinakwambia ukae vizuri, uvue viatu, ufunge mlango maana chumba cha pili watu wanaangalia TV. Kurasa kadhaa ni maneno hayo tu. Halafu stori inaanza, stesheni ya treni, usiku, mvuke kila sehemu, kuna jamaa ana sanduku alitakiwa abadilishane na mtu na huyo mtu hajatokea. Unaanza kunogewa kabisa, mara kurasa zinajirudia, kiwandani wamekosea, ya 17 mpaka ya 32 zimewekwa tena na tena. Yani siyo kopi yako wewe mbovu, ni ya yule "wewe" aliyemo ndani ya kitabu (kuna mwenzetu darasani alikagua yake kweli, tulimcheka). Basi "wewe" unarudi dukani kulalamika, unaambiwa hata ulichokuwa unasoma sio Calvino, ni riwaya ya Kipolandi, unaomba hiyo hiyo ya Kipolandi sasa, hapo dukani unakutana na Ludmilla naye kaja na shida hiyo hiyo, unafika nyumbani unasoma, kumbe sio ile, na yenyewe inakatika. Inaenda hivo hadi mianzo inafika 10, na katikati yake kuna sura 12 zenye namba za "wewe" na Ludmilla mkitafuta mwendelezo.

Sasa hasira. Mwanzo wa kwanza ukikatika unacheka. Wa pili unasema sawa nimekuelewa mzee. Kufika wa nne mi nilikuwa nasoma kwa kujihami, sitaki kumpenda mhusika yeyote maana najua atachukuliwa, nasoma kama mtu anayehesabu kurasa zilizobaki. Halafu unakuja ule wa simu. Profesa anakimbia mazoezi asubuhi, akipita kwenye nyumba za watu anasikia simu inalia ndani na anajua kabisa sio yake, ila moyoni anahisi ni yeye anatafutwa, na siku moja anashindwa kuvumilia anaenda kupokea. Sisemi anaambiwa nini. Mi nilikuwa nimeapa sitoi tena moyo wangu na nikautoa wote, ndani ya kurasa chache, huku najua inakatika. Hicho ndo kitu ambacho notsi za darasani hazikuniambia, zenyewe zinasema riwaya ya aina hii "inamkumbusha msomaji kuwa anasoma hadithi" kana kwamba ukikumbushwa unapoa. Hupoi bana. Unajua ni uongo, unajua umekatwa mara kibao na bado unataka kujua.

Mwingine mzuri ni wa jamaa anayezunguka Paris na mwanamke mmoja wana maiti kwenye mfuko wa plastiki na hawapati pa kuitupa, nilicheka mpaka nikajisikia vibaya. Ule wa Japani sasa, mwanafunzi, majani ya ginkgo, mke wa profesa, binti wa profesa, hapana. Nimesoma kwa kurukaruka. Watetezi watasema ni makusudi, anaigiza aina fulani ya riwaya, na kweli karibu kila mwanzo unaigiza aina yake. Sawa ni makusudi, ila inaboa kwa makusudi.

Kwa mwanafunzi lakini sehemu inayouma ni ya Lotaria, dada yake Ludmilla. Huyu hasomi riwaya, anaichambua. Kikundi chake kinasomewa kipande, hapo hapo wanaanza mjadala, tabaka, jinsia, mamlaka, na "wewe" ukiomba kitabu chenyewe uendelee unakuta wameshakichana wamegawana kurasa kila kundi likafanyie kazi lake. Mbele huko anamwambia mwandishi mmoja wa humo ndani kuwa siku hizi haina haja ya kusoma, kompyuta inahesabu maneno yaliyojirudia zaidi, ukiangalia ile orodha unajua kitabu kinahusu nini. 1979 hiyo! Leo watu wanakiingiza kitabu kwenye programu ya akili bandia wanapata muhtasari na wanaingia semina wana hoja kali kuliko sisi tuliosoma. Na asaimenti tuliyopewa baada ya hapo ilikuwa kumchambua Lotaria, nadhani lekchara hakuona kichekesho chake, au alikiona akanyamaza. Maprofesa nao hawajapona, kuna wawili wanagombana riwaya fulani ni ya lugha gani kati ya lugha mbili ambazo karibu hakuna anayezisoma, kila mmoja analinda idara yake.

Ninayempenda mimi ni Irnerio. Huyu kajifundisha kutosoma, yani anaangalia maandishi mpaka yanaacha kuwa maandishi, vitabu anavitumia kutengenezea sanamu. Anatokea kidogo tu na ndo mtu mwenye amani kuliko wote humo.

Malalamiko yangu makubwa ni hili. Mwanzoni nilijiona kweli ndo mimi ninayeongeleshwa, halafu taratibu nikagundua huyo "wewe" ni mwanaume anamtamani Ludmilla, na mimi ni msichana nimekaa pembeni naangalia. Kuna sura moja Calvino anageuka anaongea na Ludmilla, anaingia nyumbani kwake, anakagua jikoni na mashelfu ya vitabu, nikasema haya sasa zamu yetu, kumbe ni muda mfupi tu, baadaye tunarudi kwa jamaa. Na Ludmilla ndo msomaji mwenye akili kuliko wote humo! Kila akisema sasa hivi natamani riwaya ya namna fulani, mwanzo unaofuata unakuwa wa namna hiyo hiyo, angalieni hilo mkisoma maana ni rahisi kulipita. Mtu mwenye kazi kubwa hivo unamfanya zawadi ya kupewa msomaji mwishoni? Kitabu chenyewe kinatania kwamba hadithi za zamani ziliishia kwenye ndoa au kifo, halafu kinachagua ndoa. Nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Ushauri: msiruke majina ya ile mianzo 10, yaandikeni pembeni kwa mpangilio, kuna kitu yanafanya yakikaa pamoja na kikifichuliwa utapenda. Usome mwanzo mmoja na sura yake kwa mkupuo, ukilala katikati unapoteza nani anamtafuta nani, hasa ukifika kwa Ermes Marana, mtafsiri anayeghushi vitabu, pale njama zinakuwa nyingi na mwandishi mwenyewe naona zilimzidi kidogo. Anayetaka stori iliyotulia inayoanza na kuisha aachane nacho, hela yake itamuuma. Mimi nakipa nyota nne, na ya tano nimeizuia kwa alivyomfanyia Ludmilla.