Igizo la kikundi cha mtaani Bagamoyo: elfu tatu yangu ilirudi

Kiingilio cha sh. 3,000 sikijutii hata kidogo. Kikundi chenyewe ni cha mtaani, si cha wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa: wapo wavuvi, fundi cherehani mmoja na dada anayekaanga samaki sokoni. Na Bagamoyo watu hawababaishwi na maigizo. Tangu Chuo cha Sanaa kianzishwe 1981, mtoto wa hapa anakua akisikia ngoma za mazoezi, kwa hiyo ukiboronga unazomewa palepale.

Kisa ni ugomvi wa shamba la minazi. Aliyecheza baba mkwe ndiye aliyelibeba igizo. Alikaa mkekani, akaanza kufungua kanga iliyofichwa hati ya shamba, fundo moja baada ya jingine, taratibu, bila kutamka neno, mpaka mama mmoja nyuma yangu uvumilivu ukamshinda: “Fungua basi, mzee!” Tukavunjika mbavu. Yeye wala hakutikisika, akaendelea na fundo lake.

Ngoma ya mdundiko ya kufungia igizo ilikuwa moto. Balaa ni vile vipaza sauti, vilikwaruza karibu nusu ya igizo. Bora wangevizima, sauti za wavuvi zinatosha. Halafu wakitangaza saa moja, nyie nendeni saa mbili.