Nalipia nini, silipii nini: uzoefu wangu na programu za kuandikia

Kabla sijaangalia bei ya programu yoyote ya kuandikia, naangalia kitu kimoja: siku nikiacha kulipa, maandishi yangu yanabaki kwa nani? Fonti nzuri, rangi za usiku, hesabu ya maneno pembeni, hayo yote baadaye. Naandika mtandaoni kwa Kiswahili, kwa simu ya Android ya bei ya kati na laptopi ambayo betri yake imeshachoka. Kigezo hicho kimoja ndicho kilichonifutia programu nyingi kwenye simu na kunibakishia chache.

Kwa mtu mwenye kadi ya benki inayokatwa kimyakimya kila mwezi, huenda hili si swali. Wengi wetu tunaishi kwa kulipa kabla. Bando ni la siku, la wiki, au la mwezi kama mambo yamekaa sawa. King'amuzi kinalipiwa ligi ikianza. Umeme ni LUKU, na LUKU ikiisha taa zinazimika, lakini friji na vilivyomo ndani bado ni vyako. Programu nyingi za kuandikia haziko hivyo. Ukikosa hela ya mwezi mmoja, friji inafungwa na samaki wako wakiwa ndani.

Nilijaribu moja ya namna hiyo, nzuri kweli kwa macho. Majaribio yalikuwa ya bure, nikahamia na rasimu zangu zote. Muda ulipoisha, makala zikageuka za kusoma tu. Kuzitoa zote kwa mkupuo kulikuwa haki ya anayelipa, na mimi nisiyelipa niliruhusiwa kunakili moja moja. Nikafanya hivyo usiku, saa za bando la bei rahisi, huku nikitukana taratibu nisiamshe watu. Jina lake silitaji kwa sababu si hiyo peke yake. Ni mtindo wa biashara nzima.

Bei nazo zina mambo yake. Zinaandikwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiteleza, na wewe unateleza nayo. Halafu kuna kodi. Tangu Julai 2022 wauzaji wa huduma za kidijitali walioko nje wanatakiwa kujisajili na kutoza VAT ya Tanzania, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa kiwango hicho, dola 5 uliyoiona kwenye tangazo inakuwa 5.90 ukifika kulipa, na bado hujahesabu kiwango cha kubadilishia fedha cha aliyekutengenezea kadi. Programu moja unaweza kuivumilia. Ukiwa na ya kuandikia, ya kuhifadhi, ya kusahihisha, ya picha na ya muziki, unakuta umeajiriwa na simu yako.

Ninacholipia, nakilipia kwa kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye menyu ya pesa ya simu. Naitia kiasi cha kitu ninachonunua siku hiyo, basi. Baada ya hapo kadi inakaa tupu. Mwezi ukifika, programu inagonga mlango, haikuti kitu, inanitumia barua pepe ya masikitiko. Nikiwa bado naihitaji, naweka hela. Nikiwa siihitaji, nanyamaza. Sijawahi kutafuta kitufe cha kujiondoa ambacho wenyewe hukificha chini kabisa, nyuma ya maswali matatu ya "una uhakika?". Tahadhari tu: soma kama malipo ni ya mwezi au ya mwaka mzima. Bei kubwa inayong'aa kwenye tangazo mara nyingi ni ya mwezi lakini inakatwa kwa mkupuo wa miezi kumi na miwili.

Sasa niseme ninachotumia. Makala zangu zote naziandika kwenye Obsidian. Ilianzishwa na Erica Xu na Shida Li mwaka 2020, na kwa matumizi ya mtu binafsi ni bure. Zamani kampuni zilitakiwa kulipia leseni ya kazini, dola 50 kwa mwaka kwa kila mtumiaji, lakini tangu Februari 2025 hata hiyo imekuwa ya hiari. Haikuombi ujisajili wala barua pepe. Unaifungua, unachagua folda, unaandika.

Na folda ndiyo sababu yangu ya kukaa hapo. Kila makala ni faili la maandishi matupu, lenye herufi md mwishoni. Obsidian ikifutika leo, faili hilo linafunguka kwenye Notepad, kwenye programu nyingine yoyote ya maandishi, kwenye kompyuta ya stationery ya mtaani yenye Windows ya zamani. Alama zinazotumika, nyota (*) kwa maneno mazito na reli (#) kwa vichwa vya habari, ni za Markdown, mfumo uliotolewa na John Gruber mwaka 2004 akishirikiana na Aaron Swartz. Haumilikiwi na kampuni inayoweza kuamka asubuhi na kuufunga. Kuujifunza ni kazi ya jioni moja, tena jioni yenye maongezi.

Kwenye Android kuna jambo moja la kuangalia unapoanza. Programu inakuuliza faili zikae wapi: ndani ya hifadhi ya programu, au kwenye hifadhi ya simu. Chagua hifadhi ya simu. Zikikaa ndani ya programu, ukiiondoa zinaondoka nayo, na hapo umerudi kwenye yaleyale ya friji.

Kusawazisha simu na laptopi, yaani makala za huku ziwe sawa na za kule, ndiko wenye Obsidian wanakopatia hela. Huduma yao ya Sync inaanzia dola 4 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, au 5 ukilipa mwezi kwa mwezi, na kwa bei hiyo ya chini unapata nafasi ya gigabaiti 1. Maandishi yanafungwa kwa siri kabla hayajatoka kwenye kifaa chako, wao wenyewe hawayasomi. Ni bei ya haki, na ukiacha kulipa kinachokatika ni usawazishaji tu, faili zote zinabaki pale zilipo. Mimi hata hivyo situmii. Natumia Syncthing, programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) na ya bure, inayounganisha vifaa viwili moja kwa moja bila seva ya mtu katikati. Programu yake rasmi ya Android iliachwa kuendelezwa mwishoni mwa 2024, lakini kuna toleo jingine lililoendelezwa na watu wengine, Syncthing-Fork, na ndilo nililonalo. Utamu wake: nikiwasha hotspot ya simu na kuiunganisha laptopi, makala zinahama kutoka kimoja hadi kingine zikipita hapohapo mezani. Bando haliguswi. Kwa mtu anayehesabu megabaiti, hiyo peke yake inatosha.

Obsidian si programu huria, hilo lisemwe, ingawa watu wengi hudhani ni huria kwa kuwa ni ya bure. Na mtego wake ni plagini, vile viongezi vya kuipa programu kazi zaidi. Ziko za kila aina, kalenda, michoro, majedwali, ramani ya nukta zinazoonyesha makala gani inagusana na gani. Nawajua watu ambao mfumo wao wa kuandika umependeza kama sebule ya harusi na hawajamaliza makala hata moja. Mimi nimeziacha zote isipokuwa ya kuhesabu maneno, ambayo tayari imo.

Kuhusu programu za kusahihisha lugha zinazotaka malipo ya kila mwezi, nitapita haraka, kwa sababu nyingi hazina la kutusaidia. Kiswahili zinakiona kama Kiingereza kilichokosewa. Aya nzima inapigwa mistari myekundu utadhani mwalimu wa darasa la tano amepita. Ukiacha sahihisho la moja kwa moja likiwa wazi, "sana" inakuwa Santa, "hata" inakatwa vipande viwili, na "nina" ya "nina njaa" inapewa herufi kubwa hata katikati ya sentensi, kana kwamba ni jina la mtu, Nina. Kilichonisaidia ni kibodi tu. Gboard ina Kiswahili, bure, ukikiongeza kwenye mipangilio ya lugha inaanza kukupendekezea maneno ya kweli na kuacha kukupinga. Kusahihisha kwenyewe nafanya kwa kusoma kwa sauti. Kama kuna mtu ndani, anasikiliza na kukunja uso panapostahili.

Kwa kusoma wenzangu, natumia Feeder, programu huria ya Android ya kufuatilia tovuti kwa RSS. Unaipa anwani za tovuti unazozipenda, nayo inakuletea makala mpya kwa mpangilio wa tarehe, bila mtu kukuamulia lipi likufurahishe. Nyingi zinakuja kama maandishi bila mzigo wa matangazo, kwa hiyo hata bando la kuunga linatosha. RSS ni teknolojia ya mwaka 1999 na watu wameizika mara nyingi. Google walipofunga Reader yao Julai 1, 2013, wengi walisema imekwisha. Haikuisha, kwa sababu orodha ya tovuti zako ni faili dogo unaloweza kulibeba kutoka programu moja kwenda nyingine. Linganisha na Pocket, ile ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, ambayo Mozilla waliinunua 2017 wakaifunga Julai 2025. Walitoa muda wa watu kuchukua vyao, ambayo ni heshima. Ila orodha ya viungo ni kitu kimoja, na makala zenyewe ni kitu kingine. Nyingine zilikuwa zimeshafutika huko zilikotoka.

Hapo ndipo napata ubishi na rafiki zangu wanaoandika moja kwa moja kwenye mitandao. Wanasema mimi najisumbua, wasomaji wako kule. Ni kweli wako kule. Lakini Mei 2025 X (zamani Twitter) ilipozuiwa hapa Tanzania, kuna watu waliokuwa wameandika simulizi ndefu, uzi baada ya uzi, na hawakuwa na nakala hata moja nje ya X. Wenye blogu walishaonja mapema zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipowataka wakate leseni, ada ya mwaka peke yake ikiwa shilingi milioni 1, wapo waliofunga blogu kuliko kulipa. Kanuni zimelegezwa baadaye. Aliyekuwa na folda yake nyumbani alirudi na kila kitu.

Kuchapisha, basi. WordPress naiheshimu, ila kwa mtu anayetaka kuandika tu ina vyumba vingi kuliko wakazi. Blogger ipo tangu 1999, Google waliichukua 2003, na bado ni bure. Haina mvuto mpya, na hilo kwangu ni sifa, kwa sababu ukurasa wake unafunguka hata pale mtandao unapokuwa wa kusuasua. Makala ikishapanda, naweka kiungo kwenye chaneli ya WhatsApp, na wasomaji wengi wanatokea huko.

Substack, huduma ya kuwatumia wasomaji makala kwa barua pepe, nimeiangalia sana, kwa tamaa. Kutuma barua kwa wasomaji ni bure, na ukiwatoza, wanachukua asilimia 10, mbali na gharama za malipo. Ugumu kwa mwandishi wa hapa uko kwenye mfereji wa hela: malipo yao yanapitia Stripe, kampuni ya kupokelea malipo mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti kwa biashara za Tanzania. Unaweza kuwa na wasomaji elfu moja wanaokupenda na usipokee senti. Na hata kama mfereji ungefunguka, msomaji wangu angelipa na nini? Anayenisoma kwenye daladala hana kadi ya kukatwa kila mwezi. Ana namba ya simu yenye salio leo, kesho halipo.

Kwa hiyo chini ya kila makala nimeweka lipa namba. Hakuna kiwango, hakuna makala iliyofungwa. Wapo wanaotuma elfu moja, wapo wanaotuma mia tano na ujumbe wa kunirekebisha tahajia. Siku ya makala nzuri simu inalia mara kadhaa, siku ya makala mbovu inakaa kimya, na majibu hayo ni ya kweli kuliko vidole gumba. Hailipi kodi ya nyumba, ila bando inalipa.

Malipo pekee ya kudumu niliyonayo ni jina la tovuti, la co.tz, ninalolilipia mara moja kwa mwaka kwa wakala wa hapahapa, kwa shilingi. Hilo nalilipia bila kinyongo, maana ndilo linaloniwezesha kuhama kutoka Blogger siku nikitaka bila wasomaji kupotea njia.

Kilichobaki hakijatengemaa ni picha. Maandishi ya miaka yote hayajazi hata kona ya memori kadi, lakini picha zimeshaanza kuifanya folda iwe nzito, na Syncthing ikikuta picha mpya nyingi, simu inapata moto. Kwa sasa nazipunguza ukubwa kabla ya kuziingiza, na za zamani nimezihamishia kwenye flashi. Flashi yenyewe niliinunua Kariakoo, kwa hiyo nina nakala ya pili kwenye flashi nyingine.