Walikataa kupanda "gari la samaki" halafu wakapaka rangi juu ya kutu

Jamani naomba niliseme hili maana nimekaa nalo muda na kila nikipita pale kwenye hiyo gereji roho inaniuma. Mimi nabeba samaki kutoka Feri, soko la samaki la Dar, nina Hilux ya zamani ya dizeli, gari la kazi hasa, limenisomeshea watoto. Sasa kama miezi miwili mitatu hivi iliyopita likaanza kugonga. Sio injini. Ni "ko!" moja nzito, inatokea chini, nyuma kidogo ya kichwa cha gari, na inagonga ukiwa na mzigo tu, pale tairi za nyuma zinaposhuka tuta. Gari likiwa tupu kimya kabisa. Hivyo hivyo ndivyo nilivyowaeleza pale gereji, sikuongeza wala sikupunguza.

Gereji yenyewe kubwa, ina geti, ina lifti, ukifika unapewa maji ya kunywa. Nilienda pale kwa sababu wanapiga pia andasili, ile dawa nyeusi ya chini ya gari, na kutu naiogopa kuliko ajali. Anayebeba samaki anajua, maji ya barafu yanachuruzika safari nzima, yana chumvi, yanaingia kwenye kila kona ya chuma na hayatoki.

Akaja supavaiza na shati lake jeupe, akasema washa. Nikawasha. Akakanyaga mafuta gari limesimama, akasikilizia kwenye boneti, akasema shokapu na bushi za springi, na krosi ya propela, kile kiungo cha shafti inayopeleka nguvu tairi za nyuma. Nikamwambia kaka, hili halilii likiwa limesimama, nimepakia viroba vya mchanga makusudi, hapo nje kuna matuta, panda tuzunguke dakika tano tu usikie mwenyewe. Akaangalia siti, akaniangalia mimi, akasema "Mzee, mimi sipandi gari la samaki." Mbele za watu! Vijana wake wakacheka.

Siti ile nilikuwa nimeiosha kwa sabuni asubuhi ile ile. Na hata ingekuwa inanuka, ndio kazi yako, daktari gani anakataa kumshika mgonjwa kwa sababu ana jasho? Umri wangu ule naambiwa vile na mtu ninayemlipa mimi, kwa hela hiyo hiyo ya samaki.

Nililipa lakini, gari nilikuwa nalihitaji. Na niwe mkweli, krosi walibadilisha vizuri. Kulikuwa na kilio kingine, "chwi chwi chwi" ya taratibu inayoongeza kasi kadiri gari linavyoongeza mwendo, hiyo ni krosi iliyokauka grisi, na ukitoka rivasi kwenda mbele ukiachia klachi unasikia "ta!", hiyo ni krosi imeshalika. Vyote viwili vikaisha. Chini nako kukawa kweusi kunang'aa utadhani gari limetoka bandarini juzi. Siku hiyo ningeulizwa ningewapa hata nyota tatu.

Mzigo wa kwanza tu, tuta la kwanza: ko!

Nikarudi. Yule yule akaniambia gari la zamani lazima lilie, niongeze sauti ya redio. Nyota tatu zikaishia hapo hapo.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Mbagala, kijana tu, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, lifti hana, ana jeki na magogo. Kabla hajashika chochote akauliza, linalia na mzigo au tupu? Ukishika breki au ukipita shimo? Ukikata kona inabadilika? Akasema ingekuwa mvumo wa "muuu" kwenye mwendo, unaobadilika ukikata kona, angeangalia beringi ya tairi, lakini hii ni ya uzito. Halafu akapanda NYUMA, akalala kifudifudi katikati ya viroba, sikio kwenye bati, akasema nenda. Tuta la pili akagonga bodi nisimame. Hakujali samaki wala nini.

Akapiga jeki, akaingia chini na nyundo ndogo, anagonga chasisi kidogo kidogo kutoka mbele kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia "ngii". Alipofika pale springi ya nyuma inaposhikiliwa na chasisi ikalia "bu". Akachukua bisibisi akasukuma, ikazama. Ile nyeusi yao inayong'aa ikabanduka bamba zima na kutu imegandia kwa ndani, na maji yakachuruzika, maji jamani, mle ndani ya boksi ya chasisi, maana chuma chake kina uwazi kama bomba! Yale matundu ya chini ya kutolea maji walikuwa wameyaziba na andasili yao, wamefungia chumvi na unyevu ndani. Na hapo pembeni ufa, kidole kizima, mzigo ukikaa unafunguka, tairi ikishuka tuta unajifunga, ndio "ko" yangu hiyo.

Sasa hapa ndipo hasira inaponipanda. Kutu haianzii pale unapoiona. Chasisi ya boksi inaoza kutokea ndani, matope na chumvi vikikaa. Hata Marekani, mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya pikapu za Tacoma na wenzake kwa kukagua chasisi zilizooza na kubadilisha zilizozidi, na kule chumvi inamwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Andasili ni nzuri juu ya chuma kisafi na kikavu, ukiipulizia juu ya kutu umeifunika tu iendelee kula kwa raha zake. Na mtu wa gereji yenye lifti hajui hilo? Anajua. Hakutaka kusugua.

Kijana alishusha tenki la dizeli kwanza, akatoa waya za betri ili asije akaunguza altaneta, akakata palipooza, akachomelea bamba nene kwa ndani na nje. Brashi ya waya, msasa, redoksaidi ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi. Matundu akayafungua yote, akapulizia oili nzito mpya ndani ya boksi. Sio oili chafu, ile wengi wanaipenda kwa kuwa ya bure, inaharibu bushi za mpira na inadondokea kila unapopaki. Sasa kila nikimaliza kushusha samaki namwaga maji baridi chini na ndani ya chasisi mpaka yatoke safi, halafu napaki pakavu.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwapa nyota moja kwa ajili ya krosi. Hapana. Krosi ilikuwa inaonekana kwa macho, mtu yeyote angeiona. Kilichohitaji sikio walikikataa kwa sababu ya harufu, na ningekatikiwa na chasisi nikiwa na tani ya samaki nyuma ningeua watu.

Hela ya shokapu nimewaachia. Ya andasili naidai, risiti ninayo, na lile bamba lililobanduka nimelihifadhi.