Visual Basic 6 kwenye kaunta za Mwanza: iendelee au itupwe?

Mwenye stoo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba hakuulizi mfumo wake wa mauzo uliandikwa kwa kitu cha mwaka gani. Anauliza kama kesho asubuhi utafunguka. Kwa mfumo wa Visual Basic 6 (VB6), lugha ya Microsoft ya kuandikia programu, jibu ni kwamba utafunguka, hata kwenye Windows 11. VB6 ilitoka 1998, na Microsoft ilifunga msaada wa sehemu ya kuandikia programu tarehe 8 Aprili 2008. Lakini faili la msvbvm60.dll, linaloendesha programu iliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kuwa .exe), bado linakuja na Windows yenyewe. Fundi anayekwambia mfumo umekufa, lete hela nikuandikie mwingine, anakuuzia hofu.

Kinachochakaa ni vile vilivyoizunguka. Ukihamia kompyuta mpya, programu inagoma ikidai MSCOMCTL.OCX, faili la vitufe na orodha za kwenye skrini, haijasajiliwa. Faili hilo Windows haiji nalo. Likopi kwenye C:\Windows\SysWOW64, ingia folda hiyo kwa cmd ya msimamizi, andika regsvr32 MSCOMCTL.OCX. Jina la folda linapotosha: SysWOW64 ndiyo ya biti 32, System32 ni ya biti 64. Mtego huohuo uko kwenye ODBC, njia ya Windows ya kuunganisha programu na hifadhidata. Ukitengeneza System DSN (jina la muunganisho huo) kwa odbcad32.exe ya System32, VB6 haitaiona. Tumia ile ya SysWOW64, pamoja na draiva ya biti 32.

Alama za chini kabisa tunaipa hifadhidata ya .mdb, faili la Microsoft Access. Kikomo chake ni GB 2, ila duka la kawaida linaumia mapema kuliko hapo. Hakuna seva katikati: kila kaunta inafungua faili lenyewe na kuandika ndani yake moja kwa moja kupitia mtandao. Umeme ukikatika, au Wi-Fi ikipotea sekunde moja wakati mauzo yanaandikwa, faili linaweza kuvunjika. Kaunta moja yenye UPS inaweza kuishi hivyo miaka. Kaunta mbili na stoo juu ya Wi-Fi, hapana. Weka waya, UPS ilishe swichi ya mtandao pia, na kopi faili kabla ya kuendesha CompactDatabase (amri ya kulibana na kulisafisha), kamwe si baada.

Tiba yenyewe ni kuhamishia data kwenye SQL Server Express, hifadhidata ya Microsoft yenye seva yake. Toleo la 2022 ni la bure na linabeba GB 10 kwa hifadhidata moja. Hapo muulize fundi: mfumo unatumia ADO au DAO, njia mbili za VB6 kuongea na hifadhidata? Kwa ADO, sehemu kubwa ya kazi ni kubadili mstari wa muunganisho na kusafisha SQL chache. Kwa DAO, karibu kila fomu itaguswa, na bei ipande ipasavyo.

Kuna makosa mawili ambayo watu huyaita uzee wa VB6 ilhali ni ya aliyeandika. Integer yake, aina ya namba kamili, inaishia 32,767. Duka linalotoa risiti 60 kwa siku linafika hapo siku ya 547, na kosa namba 6, Overflow, linatokea bila mtu kugusa kitu. Hata kilo 40 za sangara kwa shilingi 9,000 zinaangusha hesabu kama idadi na bei zote ni Integer, ingawa jibu linawekwa kwenye Currency, aina ya namba za fedha. Kuzidisha kunafanyika kwanza. Andika CCur(idadi) * bei, na namba ya risiti iwe Long, aina yenye nafasi kubwa zaidi. La pili ni tarehe. Jet, injini inayosoma .mdb, inasoma #05/03/2025# Kimarekani, yaani Mei 3, lakini #13/03/2025# inaipokea kama Machi 13 kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Ndiyo maana ripoti ya mwezi inapotoka kwa siku 12 za mwanzo tu, na mhasibu anamlaumu karani. Format(tarehe, "yyyy-mm-dd") inamaliza ugomvi.

Achana na VB6 ukitaka kuunganisha VFD ya TRA (mfumo wa risiti za kodi usio na mashine), au kuangalia stoo kwa simu ukiwa Ukerewe. Inawezekana kwa viraka, ila kila kiraka kinahitaji mtu anayejua VB6, na hao wanazidi kupungua. Kigeuzi cha kwenda VB.NET kiliondolewa tangu Visual Studio 2010, na hata kilipokuwepo kilikuachia mlima wa kurekebisha. twinBASIC, lugha mpya inayoiga VB6, inapokea mradi wa .vbp (faili la mradi wa VB6), ijaribu kwenye nakala, OCX za watu wengine ndizo zitakazokusumbua. Mradi ukitumia RegExp (kitafuta maandishi kwa ruwaza) ya vbscript.dll, itoe mapema: Microsoft imeshatangaza kuiondoa VBScript kwenye Windows.

Kabla ya kulipa chochote, mwambie fundi akompaili mfumo mbele yako kutoka faili za msimbo, .vbp na .frm, alizonazo, kisha atoe risiti moja. Akisema msimbo ulibaki kwenye kompyuta ya zamani na hapa kuna .exe tu, mjadala wa kuboresha umeisha: okoa data, andika upya.