Vidonge vya "tezi zilizochoka" nilivyouziwa Kirumba: uzoefu wangu

"Wewe mama, ugonjwa wako si presha, ni ubishi." Niliambiwa maneno hayo mbele ya watu sita waliokuwa wameketi kwenye benchi, katika chumba kimoja cha ghorofani pale Kirumba, Mwanza, na binti yuleyule ambaye wiki chache kabla alinipokea kwa "mwangaluka, mayu", yaani habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma, na kunifutia kiti kwa kitambaa chake. Habari za vidonge nitazieleza, lakini ieleweke mapema kwamba kilichonikalisha chini kuandika ni sentensi hiyo.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa wanaopeleka mizigo Kongo kutoka soko la Mwaloni, na anayeijua kazi hiyo anajua kwamba mzigo huondoka leo na fedha hurudi Mungu akipenda. Tangu mvua za vuli zilipokwisha nilikuwa ninapata usingizi saa nane za usiku na kuamka saa kumi, moyo ukidunda, na mchana ninasinzia juu ya vitabu vya watu. Rafiki yangu mmoja akanipeleka kwa binti huyo. Alinipa kijiti cha chuma nikifumbate mkononi, kikiwa kimeunganishwa kwa waya na kompyuta, na baada ya dakika chache zikatoka karatasi zenye rangi zilizosema kwamba tezi zangu za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo na kutoa homoni ya kotisoli, zimechoka kwa msongo wa mawazo. Nilijiuliza chuma kilichoko kiganjani kimepataje habari za kiunoni, lakini nilikuwa sijalala siku nyingi, nikanyamaza.

Jambo moja sikulinyamazia, na nililisema mara mbili: ninatumia vidonge vya presha vya hospitali. Akanijibu, kwa upole mwingi, kwamba hii si dawa bali ni lishe, haina kemikali, na lishe haigombani na dawa. Nikalipa shilingi 180,000 kwa chupa mbili.

Haki yake nimpe. Wiki ya kwanza nililala, tena nililala hadi adhana ya alfajiri ikanipita na mume wangu akaniuliza kama ninaumwa. Ndani ya vidonge hivyo mna ashwagandha, mmea wa tiba za jadi za India ambao baadhi ya watu huwaletea usingizi, na laiti ningeandika maoni yangu siku zile, ningewashauri muuze mbuzi mkavinunue. Nilimpigia binti simu kumshukuru, na sasa nikikumbuka simu ile ninaona haya.

Kisha viatu vikaanza kunibana jioni. Kichwa kikauma kwa nyuma, mapaja yakalegea kama niliyepanda mlima wa Bugando kwa miguu nikiwa na gunia, na nilipopimwa, presha ilikuwa 178/104, mimi ambaye kwa muda mrefu sikuwa nikivuka 140. Daktari aliomba kuiona chupa. Alimulika kwa simu yale maandishi madogo ya ubavuni, akakuta Glycyrrhiza glabra, ambayo ni urukususu, ile mizizi mitamu. Alinieleza kwamba kiini cha mizizi hiyo huizuia figo kuivunja kotisoli, ikaanza kufanya kazi isiyo yake: chumvi na maji hubaki mwilini, potasiamu hupotea katika mkojo, na presha hupanda. Kwa hiyo nilikuwa ninameza asubuhi kidonge cha kuishusha na jioni kingine cha kuipandisha, na cha pili ndicho kilichokuwa ghali. Aliongeza kwamba tezi hizo zina ugonjwa wa kweli, ambao Thomas Addison, daktari wa London, aliueleza mwaka 1855, lakini hutambuliwa kwa kupima damu, wala si kwa kufumbata chuma.

Nikarudi Kirumba na chupa zangu mbili, moja ikiwa haijafunguliwa. Sikwenda kugombana. Nilitaka anirudishie fedha ya ile iliyofungwa na awaonye wengine wenye presha, basi. Alinisikiliza akiwa anachezea simu, kisha akasema kwamba kuvimba miguu ni sumu inatoka na kwamba nimeacha dozi mahali ilipokuwa inaanza kufanya kazi. Nilipomwonyesha karatasi ya daktari hakuigusa. Nilipotaja risiti akanitaka niisome vizuri; nikaisoma, nikakuta imeandikwa kwa mkono "mchango wa afya", na mchango, alisema, haurudishwi. Hapo ndipo nilipopaza sauti, nakiri, na hapo ndipo lilipomtoka lile neno la ubishi, benchi zima likiangua kicheko isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi na karatasi zake za rangi mapajani.

Usiku nilisoma hadi macho yakauma. Jina hilo la tezi kuchoka lilitungwa mwaka 1998 na James Wilson, tabibu wa tiba mbadala wa Marekani, na mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil walipopitia tafiti 58 hawakuona uthibitisho kwamba hali hiyo ipo. Mwaka 2018 vikapimwa virutubisho 12 vya aina hii vinavyouzwa Marekani. Vyote vilikutwa na homoni ya tezi ya shingoni, na 7 vilikuwa na steroidi, yaani homoni za jamii ya kotisoli. Changu hakikupimwa, kwa hiyo sikituhumu kwa hilo.

Ningekipa alama mbili kwa tano, kwa ajili ya usingizi ule, maana ulikuwa usingizi hasa na sijaupata tena. Lakini nikilikumbuka benchi ninazifuta zote mbili. Na bado, angesema tu "pole, mayu", huenda ningeziacha fedha zikaenda.

Juzi amenitumia ujumbe: chupa tatu kwa bei ya mbili, kwa wateja wake wa zamani. Nimemwuliza iwapo yule mzee wa kwenye benchi ana presha. Ameusoma, hajanijibu.